Mchanga gani niweke kwenye tangi la maji ya bahari? Niko Tanga

Mwambani_Kijana

Wakuu habari za jioni, na wakubwa wote humu shikamooni.

Nimepata tangi la kioo mkono wa pili, urefu sm 120, upana 45, kimo 50, kioo cha milimita 10. Nimelijaza maji uani siku nne, sakafu kavu kabisa kwahiyo halivuji. Nataka nilifanye la maji ya bahari, sio maji baridi, na nimekwama kwenye mchanga tu, maana kila ninaemuuliza ananipa jibu lake.

Niseme kwanza kwanini nataka, labda itasaidia kunishauri. Nilipokua mdogo mjomba alikua ananibeba kwenye ngalawa, maji yakipwa siku za bamvua tunashuka kwenye fungu, maji ya kiunoni, naweka uso majini na miwani. Kuna kitu nilikiona nina miaka kama tisa sijakisahau mpaka leo. Kishimo kidogo kwenye mchanga, mlangoni kasamaki kamekaa kimya kanaangalia, halafu ndani anatoka kamba mdogo anasukuma mchanga kwa mikono kama katapila, anamwaga nje anarudi ndani kuchukua mwingine. Na ndevu yake moja muda wote iko juu ya yule samaki, haiachii. Mjomba akasogeza mguu, samaki akatikisa mkia mara moja, wote wawili ndani, kimyaaa. Hicho ndo nataka kukiona sebuleni kwangu, na mwanangu akione.

Maswali: (a) mchanga wa pwani unafaa au mpaka ninunue? (b) kina kiwe sm ngapi? (c) nasikia mchanga lazima uwe mweupe wa matumbawe ndo maji yanakaa sawa, kweli?

Dullah_Makorora

Mkuu unakaa Tanga unauliza mchanga? Bahari hiyo hapo mbele yako. Chukua kiroba nenda ufukweni alfajiri jaza, suuza na maji ya bomba, weka. Bure kabisa.

BabaZuhura

Marahaba kijana. Dullah mwanangu usimpoteze mwenzio, ngoja nieleze yaliyonikuta mimi.

Tangi langu la kwanza nilifanya hivyo hivyo unavyosema wewe. Nilichota mchanga kwenye mkono wa bahari karibu na mikoko kwasababu palikua karibu na hamna mtu wa kuniuliza. Juu ulikua mzuri wa kijivu, nikausuuza mara tatu nikaona maji yametakata. Nikaweka sm 10 nzima maana nilisikia mchanga mwingi ndo mzuri. Wiki ya kwanza shwari, wiki ya pili nikaona kwenye kioo kule chini mstari mweusi unapanda kama wino. Siku moja nikahamisha jiwe, likazama kwenye mchanga, yakatoka mapovu na harufu ya mayai viza nyumba nzima. Usiku ule ule samaki wakapanda juu kuhema. Kulikua na kiti cha pweza mwekundu, yule kiumbe wa mikono kama nyota, asubuhi nimemkuta mikono imelegea kama ubuyu uliolowana, nikimgusa anaachana vipande. Ndani ya siku tatu sikubaki na kitu.

Ile ni hewa ya haidrojeni salfaidi, ni sumu. Mchanga wa mikoko umejaa uozo wa majani, na ni laini sana kama unga, maji hayapiti ndani, kwahiyo chini oksijeni inaisha na bakteria wa huko wanatengeneza hiyo hewa. Kuusuuza na maji ya bomba hakuondoi uozo, kunaua tu vijidudu vilivyokua hai mle, halafu navyo vinaoza, amonia, sumu inayotoka kwenye uozo, inapanda juu ya uozo wa mwanzo.

Na kuna la pili Dullah. Hapa kwetu kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, ilianzishwa 2009, inashika pwani kuanzia mlango wa mto Pangani mpaka kaskazini ya mji, kama kilomita 100 hivi. Ghuba ya Tanga imo, ghuba ya Mwambani imo. Silikanti ni yule samaki wa kale ambae wavuvi wetu walianza kumpata kwenye jarife kuanzia miaka ya 2003 na 2004, dunia nzima ikashangaa. Ndani ya hifadhi huchoti mchanga wala huokoti jiwe bila kibali. Matumbawe ndo kabisa, kuyachimba ni kosa popote pale Tanzania. Alfajiri au mchana ni kosa tu.

Dullah_Makorora

Nimekuelewa mzee, samahani. Sikujua kama mpaka ghuba ya hapa mjini imo. Mimi nilidhani hifadhi ni kule visiwani tu.

MamaYusra

Mwambani karibu sana kwenye maji chumvi. Mimi niko Chumbageni, tangi langu la lita 200 lina mwaka wa sita sasa.

Nianze na swali lako la c maana ndo linalowachanganya wengi. Weupe hauna maana yoyote, cha kuuliza ni punje imetengenezwa na nini. Mchanga mweupe wa visiwani unatokana na viumbe, vipande vya matumbawe, makombe, majani magumu ya mwani ule wenye chokaa, na mwingine umepita tumboni kwa pono. Kweli kabisa, pono anatafuna jiwe la tumbawe akitafuta mwani, analisaga kwa meno ya kooni, anayatoa nyuma kama mchanga. Huo wote ni kalsiamu kaboneti, na ule wa matumbawe hasa unaitwa aragonaiti. Mchanga wa mto ni kitu kingine, ule ni silika, vipande vya mawe ya bara, hata ukiwa mweupe pee bado ni silika.

Utajuaje? Siki. Nunua chupa ya siki nyeupe dukani. Chukua mchanga usuuze uanike ukauke, kijiko cha chai kimoja kwenye bilauri ya kioo, mimina siki, sogeza uso karibu usikilize. Wa chokaa unachemka kama soda, unausikia kabisa ssss. Silika inakaa tu inakuangalia. Ukitaka kujua una chokaa kiasi gani uache siku mbili, kila siki ikiacha kutoa povu mwaga weka nyingine, kitakachobaki chini ndo silika yako.

Lakini usije ukadhani ukiweka aragonaiti basi maji yanajitunza yenyewe. Hilo wauzaji wanalisema sana na sio kweli. Kwenye pH (kipimo cha asidi ya maji) ya tangi zima, 8.1 mpaka 8.3, aragonaiti haiyeyuki kwa maana yoyote. Inayeyuka kidogo kule chini kwenye mchanga ambako maji yana asidi zaidi. Kipimo cha alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, lazima uwe nacho na kubadilisha maji kuko pale pale. Mimi aragonaiti naipenda kwasababu haileti kitu kigeni kwenye maji ya bahari, na punje zake zimekua mviringo mviringo hazikati viumbe wanaokaa ndani yake.

Kaole91

Wakuu salaam kutoka Bagamoyo. Nilisoma mambo ya uvuvi pale Mbegani kwahiyo naomba nichangie kidogo, na sitakubaliana na kila kitu.

Kwanza huku kwetu msitume mtu kuchota mchanga wa tangi. Mto Ruvu unamwaga hapo kaskazini ya mji, Wami uko mbele yake, mchanga wetu mwingi umetoka bara. Masika maji yanakua rangi ya chai ya maziwa na tope linatembea pwani yote. Ukiweka siki unapata povu la vipande vya makombe tu.

Pili silika isionewe. Watu wanasema inaleta ule ukungu wa kahawia kwenye vioo. Ule ukungu ni diatomu, na kweli diatomu wanajenga gamba lao kwa silika, ila silika wanayoitumia ni iliyoyeyuka kwenye maji, na punje ya kwatzi, yaani ile silika ya mchanga, haiyeyuki kirahisi. Tangi jipya karibu lote linapata ukungu huo wiki za mwanzo hata ukiweka aragonaiti ya bei gani, halafu unaondoka wenyewe. Mimi nimetumia mchanga wa filta za bwawa la kuogelea, ule wa punje nusu milimita mpaka 0.8, umeshachekechwa na kuoshwa kiwandani, punje zote saizi moja. Miaka mitatu sina tatizo. Kama hela ni ngumu huo ni mchanga halali kabisa kwa samaki.

Tatu, kuna wanaoacha kioo kitupu bila mchanga kabisa. Uchafu unaonekana, unaufyonza, nitrati (mabaki ya mwisho ya uchafu wa samaki kwenye maji) inakaa chini, na pampu unaweza kuziwasha kwa nguvu zote bila dhoruba ya mchanga. Kwa mtu wa matumbawe magumu yanayotaka mkondo mkali mimi namshauri hivyo.

BabaZuhura

Kaole umesema vizuri ila msome kijana anataka nini. Anataka kamba achimbe shimo. Kwenye kioo kitupu atachimba nini?

Kaole91

Hapo mzee umenipata, nilisoma haraka. Kwa kamba na mlinzi wake mchanga ni lazima.

MamaYusra

Basi tuongee kina sasa, tukianzia kwa huyo kamba.

Kwa tangi la kawaida la samaki sm 2 mpaka 4 zinatosha sana. Unapata sura ya bahari, unapata nyumba ya bakteria, na ukifyonza unafika mpaka chini. Wengine wanaweka kina kirefu sm 10 mpaka 15 kwa makusudi, ili tabaka la chini likose oksijeni na bakteria wa huko wapate oksijeni yao kwa kuivunja nitrati, inatoka naitrojeni hewa tupu. Utaona vipovu vidogo vimekaa kwenye mchanga ukichungulia pembeni ya kioo. Inafanya kazi, ila inataka mchanga wa punje laini kweli na minyoo na vidudu vya kuugeuza juu juu, na ukishauweka usiuchokonoe chini tena miaka yote. Ukiuchokonoa ndo yale ya Baba Zuhura.

Kamba wako anataka kati ya hapo, sm 5 au 6. Na asipewe mchanga wa punje za aina moja tu, hili nimejifunza kwa kumuangalia. Wangu nilimuwekea mchanga laini peke yake, kila usiku anachimba, kila asubuhi dari imeanguka, anaanza upya. Siku nilipomwagia vipande vya makombe vilivyovunjika, saizi ya ukucha wa kidole kidogo, alivibeba kimoja kimoja akavipanga pembeni ya mlango kama mtu anaejenga msingi. Nilikaa na kikombe cha chai mpaka ikapoa. Toka siku hiyo dari haijaanguka. Punje laini za kuchimba, vipande vya kujengea, anataka vyote viwili.

FundiVioo_Ngamiani

Niongee upande wa kioo na uzito maana watu wanasahau. 120 mara 45 ni sentimita za mraba 5,400. Kila sm moja ya kina ni lita 5.4 za mchanga. Ukiweka sm 5 ni lita 27, aragonaiti kavu lita moja ina kilo moja na nusu kukaribia, basi piga kama kilo 40. Ungeweka sm 12 ni karibu kilo 100. Sio kwamba zote zinaongezeka, mchanga unasukuma maji nje, kilo 100 zinatoa kama lita 35 za maji, kwahiyo ongezeko ni kama kilo 65. Meza ya tangi lenye lita 270 lazima ujue hilo kabla hujakata mbao.

Na la muhimu zaidi, MAWE KWANZA MCHANGA BAADAE. Jiwe likae juu ya kioo cha chini lenyewe, weka kipande cha plastiki ngumu chini yake lisipige kioo, tikisa uhakikishe halichezi, ndo umwage mchanga kulizunguka. Mtu ukiweka jiwe juu ya mchanga halafu kuna kiumbe kinachochimba, kinachimba chini ya jiwe, jiwe linashuka. Nimeletewa matangi mawili kubadilisha kioo kwa sababu hiyo tu.

Kingine, ile sumaku ya kusafishia kioo usiishushe karibu na mchanga. Punje moja ikiingia katikati inakuchorea mstari hautoki milele.

Mwambani_Kijana

Wakuu asanteni sana, sijalala nasoma na kurudia. Nimefanya kipimo cha siki cha mama Yusra, nina bilauri nne zimepangwa dirishani mke wangu ananiangalia tu.

Bilauri ya 1, mchanga wa kwetu Mwambani. Sikwenda kuchota, nimekung'uta uliobaki chini ya ngalawa ya mjomba, umejaa kijiko. Ulitoa povu kidogo mwanzoni halafu ukatulia, baada ya siku mbili umebaki zaidi ya nusu, punje za kahawia na nyingine kama vioo, na vijipunje vyeusi. Nimepitisha sumaku ya spika kuukuu niliyoifunga kwenye nailoni, vyeusi vingine vikanasa.

Bilauri ya 2, mchanga wa ujenzi wa mtoni. Kimya. Kama mama alivyosema unaniangalia tu.

Bilauri ya 3, makombe ya kusaga ya chakula cha kuku, nimenunua robo kilo duka la pembejeo. Ulichemka ukapanda mpaka mdomoni mwa bilauri. Nimefurahi kama mtoto. Swali sasa, si nijaze tangi na hayo makombe? Bei yake ni rahisi sana.

Bilauri ya 4 imeniuma. Kuna mfuko niliagiza mwezi uliopita kwenye duka moja la mtandaoni, umeandikwa mchanga wa matumbawe, mweupe kama chumvi. Siki haikutoa hata povu moja. Nimerudia mara tatu na chupa nyingine ya siki. Nililipa kama aragonaiti.

MamaYusra

Pole sana mdogo wangu. Huo mfuko usiutupe, ni silika ya kawaida, kama punje hazina rangi ya kupakwa bado unafaa. Usugue na kitambaa cheupe kilicholowa siki, rangi ikitoka kwenye kitambaa achana nao. Na muuzaji mrudie kwa utaratibu na picha za bilauri, una haki ya hela yako.

Makombe ya kuku usijaze tangi. Ni chokaa safi kweli, ila ni makubwa, milimita 2 mpaka 5, na yamevunjwa na mashine kwahiyo yana makali. Chakula na mavi ya samaki vinaingia katikati ya vipande vinakaa huko vinaoza, nitrati inapanda hujui inatoka wapi. Na kiumbe kinachojizika tumbo lake ni laini, jongoo bahari kwa mfano anakula mchanga anautoa, ukimpa vipande vya makali utamuumiza. Hakikisha pia ni makombe matupu, kuna mengine yameshachanganywa na madini na dawa za kuku. Kama ni matupu chagua konzi moja au mbili za vile vipande vikubwa, chemsha, suuza, muwekee kamba wako ajengee.

BabaZuhura

Nyongeza kwenye makombe, yale madogo nayo yana kazi. Tia kwenye soksi safi weka kwenye sampu, lile tangi dogo la chini la kuchujia, pale maji yanapopita. Utayatoa kuyasuuza kila wiki, hayawezi kukuozea.

Na huo mchanga wa Mwambani umejionea mwenyewe, pwani zetu karibu na mji zinapokea Mkulumuzi na Sigi, huwezi kutegemea mchanga wa visiwani. Ule mweupe hasa ni kama wa fungu la Maziwe kule mbele ya Pangani, na Maziwe ni hifadhi vilevile, na kasa walikua wanataga pale. Tuuache ulipo jamani. Lile fungu nililijua likiwa na miti, leo maji yakijaa linafunikwa lote. Hata ndoo moja inauma.

Kaole91

Mzee umegusa jambo. Mchanga wa fungu kama lile ni viumbe vilivyokufa kidogo kidogo miaka na miaka, hautoki mtoni kwamba mvua italeta mwingine. Nashauri kijana aagize aragonaiti kavu Dar, iliyofungwa, punje nusu mpaka milimita moja na nusu. Ikifika apime siki KABLA hajaimwaga kwenye tangi.

Mwambani_Kijana

Narudi na taarifa, samahani nimechukua wiki tatu.

Nimeagiza mifuko miwili ya kilo 20, imekuja na basi. Niliitoboa pembeni pale pale stendi nikatia kijiko kwenye kopo la siki nililobeba, ikachemka, kondakta ananishangaa, nikalipa mzigo nikaondoka. Nimeisuuza ndoo kwa ndoo, kila ndoo maji matano sita mpaka ukiingiza mkono unaona kucha zako. Mawe niliyopata kwa mtu aliyevunja tangi lake yamekaa kwenye kioo kama fundi alivyosema, plastiki chini. Halafu mchanga, halafu sahani juu ya mchanga na maji nikayamimina kwenye sahani yasichimbe. Maji nimeyapata kupitia mjomba, mbali na bandari na mito, maji yakiwa yamejaa, chumvi imesoma 35. Hata hivyo ilikua maziwa siku nzima, sikuona hata ukuta wa nyuma. Asubuhi ya pili nimeamka nakuta yametakata mpaka naona jiwe la mwisho.

Kina ni sm 5 mbele na 6 na nusu nyuma. Makombe ya kuku nimechagua vipande kama 40 nimechemsha nimevitawanya upande wa kushoto, hapo ndo nataka mlango wa kamba uwe.

Leo siku ya tisa. Amonia ilipanda 1 sasa inashuka, nitriti, sumu inayoifuata amonia, ndo inapanda, ukungu wa kahawia umeanza kwenye mchanga. Sijaweka kiumbe hata kimoja. Kamba na samaki wake nimeongea na mtu wa Dar mwenye leseni ya kukusanya, nimemwambia nitamwambia mimi nikiwa tayari. Je niufyonze huu ukungu au niuache?

MamaYusra

Uache. Punguza tu masaa ya taa, sita kwa siku yanatosha kwa sasa. Tangi jipya linaweza kuchukua wiki nne mpaka sita mpaka amonia na nitriti zote zisome sifuri, na ukifika sifuri subiri wiki nyingine halafu ndo umpigie simu huyo mtu. Waje wote siku moja, samaki na kamba, uwashushe upande wenye makombe taa zikiwa zimezimwa. Na funika tangi, huyo samaki akishtuka anaruka.

Mchanga wako una bakteria ila hauna vidudu na minyoo, ni mchanga mkavu ulikua umekufa. Njoo kwangu jumamosi nikupe konzi ya mchanga wangu wa juu, kwenye wa miaka sita utapata kila kitu cha kuanzia.

Mwambani_Kijana

Allah akulipe mama. Nije na nini, mfuko wa nailoni unatosha?

MamaYusra

Hapana, njoo na kopo lenye mdomo mpana na mfuniko, na maji ya tangi lako nusu kopo. Uje jioni jua likipoa, na ukitoka hapa usipitie popote, nenda moja kwa moja ukaumwage ukiwa bado una joto la tangi langu.

FundiVioo_Ngamiani

Na kabla hujafunika pima kwanza huo mfuniko, kama ni kioo kizima hewa haitapita na joto la Tanga hili maji yatapanda nyuzi. Pitia kwangu nikukatie fremu ya wavu wa dirisha, sm 120 kwa 45 naijua tayari.